Kuanza kuitazama Cats ukiwa Mtwara: mwongozo kwa wanaouliza "hadithi yenyewe iko wapi?"

Tangu nianze kuwaalika majirani hapa Chuno kutazama Cats, lile igizo la kuimba la paka, kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, maswali hayajabadilika. La kwanza huja kabla sijawasha kitu: "Huyu ndiye yule Simba?" La pili huja kama dakika ya ishirini hivi: "Sasa hadithi yenyewe iko wapi?" La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, mtu anapapasa ndala zake gizani: "Hivi yule paka mzee walimtenga kwa kosa gani hasa?" Anayeuliza la tatu keshanasa, huyo sina kazi naye tena. Naandika kwa ajili ya wanaokwama kwenye la pili, maana ndio wengi, na wengi wao wangelipenda igizo hili kama wangepitia mlango wake.

La Simba tulimalize hapa hapa. Si huyo. Igizo la Simba, The Lion King, lenye majina ya Kiswahili, lilianza kuchezwa New York mwaka 1997 na ni habari nyingine kabisa. Hakuna Matata haimo humu. Humu ni paka tu, paka wa mtaani kama wale wanaogombea vichwa vya samaki pale feri.

Cats ni igizo la kuimba na kucheza mwanzo hadi mwisho. Muziki ni wa Mwingereza Andrew Lloyd Webber, na maneno karibu yote ni mashairi ya paka ya T. S. Eliot yaliyochapwa mwaka 1939. Eliot mwenyewe hakuliona. Alifariki 1965, na igizo lilifunguliwa London tarehe 11 Mei 1981. Likachezwa pale pale miaka 21 kamili, hadi 11 Mei 2002, maonyesho 8,949. New York lilikaa tangu 1982 hadi 2000, mara 7,485. Wachezaji ni watu, wamevaa nguo za kubana zilizochorwa manyoya na mistari, nyuso wamezipaka rangi. Jukwaa ni jalala la usiku, na takataka zake zimetengenezwa kubwa kupita kiasi ili mtu mzima aonekane ana kimo cha paka.

Hadithi nakupa yote sasa hivi, haiharibu kitu. Usiku mmoja kila mwaka paka wa ukoo wa Jellicle hukutana jalalani kucheza. Mzee wao atachagua mmoja apande juu akazaliwe upya. Imeisha. Kinachobaki ni paka mmoja mmoja kuingia katikati na kutambulishwa.

Na hapo ndipo sisi watu wa kusini tumebahatika bila kujijua. Kama umewahi kusimama kwenye duara la mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, tayari unajua kutazama Cats. Hakuna anayesimama pale akauliza hadithi ya lipiko inaanzia wapi. Ngoma zinamwita, anaingia na sura yake ya mti, anajitikisa, ngoma zinanyamaza ghafla naye anaganda palepale. Unamjua ni wa namna gani kwa mwendo wake: huyu mlevi, huyu mwenye kiburi, huyu kikongwe. Akitoka, anaingia mwingine. Mgeni kutoka bara anayesubiri "tukio" atasubiri mpaka alfajiri. Wewe usiwe yule mgeni.

Kabla hujaanza

Tafuta hivi:

- Kanda ya mwaka 1998. Nimeeleza kwenye hatua ya kwanza kwa nini ni hiyo.
- Saa mbili na nusu, pamoja na pumziko. Usianze saa nne usiku na kesho una shamba.
- Televisheni, au projekta ya kukodi. Wapiga picha za harusi wengi wanazo, na siku za katikati ya wiki bei huwa ya kuongea.
- Spika yenye besi ya maana, pamoja na waya wake.
- Watu wawili hadi sita. Peke yako utalala. Zaidi ya sita wataanza kusimuliana mambo ya mnada wa korosho.
- Kitu cha kutafuna kisichopiga kelele. Ming'oko iliyochemshwa ni bora kuliko vyote. Korosho zilizobanguliwa, sawa. Karanga za maganda nimezipiga marufuku nyumbani kwangu.

Kama unaonyeshea nje, angalia majira. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua haikusumbui, lakini kusi linavuma, na shuka ulilotundika litapeperuka mpaka paka waonekane wako kwenye mashua. Ukuta uliopigwa chokaa unafaa kuliko shuka.

Hatua ya 1: Chagua toleo

Zipo mbili ambazo mtu wa kawaida anaweza kukutana nazo. Ya kwanza ilirekodiwa jukwaani, ukumbi wa Adelphi, London, bila watazamaji, ikatolewa 1998. Humo yumo Elaine Paige, aliyeimba nafasi ya Grizabella, yule paka mzee aliyetengwa, tangu siku ya ufunguzi mwaka 1981. Ya pili ni filamu ya sinema ya 2019, ambayo wachezaji wamewekewa manyoya kwa kompyuta.

Anza na ya 1998. Sisemi hivyo kwa ushabiki tu. Kwenye ile ya 2019 manyoya yanatembea yenyewe, masikio yanacheza, na jicho lako linahangaika kujua kama unatazama mtu au mnyama mpaka unasahau kutazama mchezo. Kwenye ya 1998 unaona mtu aliyepakwa rangi, na ni mwili wake unaokudanganya kuwa ni paka. Raha yote iko kwenye udanganyifu huo. Ya 2019 itazame baadaye, ukishakuwa shabiki, ili na wewe uwe na la kulalamikia.

Kuna kituko kimoja kwenye ile ya 2019 kinachostahili kujulikana. Judi Dench ndiye aliyekuwa awe Grizabella London mwaka 1981. Akiwa mazoezini akakatika mshipa wa kisigino, nafasi ikaenda kwa Elaine Paige. Miaka 38 baadaye akarudi kwenye filamu, safari hii akiwa Old Deuteronomy, mzee wa ukoo mwenyewe.

Hatua ya 2: Ipate nzima

Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Kibanda kimoja cha kujazia flashi kiliniwekea faili lenye jina CATS kwa herufi kubwa, nikalipa, nikakimbia nyumbani na boda. Kufungua, katuni za panya. Kwa hiyo kama ni flashi, fungua palepale kibandani: dakika moja ya mwanzo, dakika moja ya katikati, dakika moja ya mwisho. Mwanzoni uone jalala na giza, mwishoni uone paka wote wamekusanyika na mzee mbele yao. Kama jumla haifiki saa moja na nusu, imekatwa.

Bora zaidi ni kuinunua au kuikodi mtandaoni kihalali, au kumwagiza ndugu anayetoka Dar akuletee DVD. Ukipakua, pakua usiku wa manane kwa bando la usiku, mchana utalia. Na hakikisha ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Hata anayekijua Kiingereza vizuri atayahitaji, kwa sababu Eliot alibuni maneno yake. Hiyo "Jellicle" usiitafute kwenye kamusi. Ni "dear little cats", yaani "paka wadogo wapendwa", ikitamkwa kwa Kiingereza cha haraka cha kitoto.

Hatua ya 3: Sauti kwanza, picha baadaye

Wengi wanahangaika na picha, sauti wanaiachia simu. Pindua. Muziki ukiwa mwembamba, igizo zima linakuwa watu wanaorukaruka.

Spika iweke mbele, chini ya picha, juu ya kiti au ndoo iliyopinduliwa. Ukiiweka nyuma ya watu, paka anaimba mbele na sauti inatokea jikoni. Unganisha kwa waya ikiwezekana.

Usitazame kwenye simu. Kuna nyakati wapo jukwaani zaidi ya ishirini wanacheza kwa pamoja. Kwenye kioo cha simu ni siafu.

Anza baada ya Isha. Giza limekamilika, na hutalazimika kusimamisha katikati kwa ajili ya adhana. Washa dawa ya mbu mapema ili moshi usipite mbele ya projekta.

Hatua ya 4: Wajue paka sita tu

Hili ndilo kosa kubwa la mashabiki wanaofundisha wengine: wanamwaga majina ishirini na tano. Mtu anaondoka na kichwa kinamuuma. Sita wanatosha, na hata hao kwangu tumewapa majina ya mtaani.

*Munkustrap* ana mistari ya fedha na weusi. Ndiye msimulizi na mlinzi, anawaita wengine, anawapanga. Sisi tunamwita Mwenyekiti, kama wa serikali ya mtaa, kwa sababu hakuna jambo linalopita bila yeye kusimama na kulitangaza.

*Rum Tum Tugger* ana manyoya shingoni kama simba na kiuno kisichotulia. Ukimpa samaki anataka nyama, ukimpa nyama anataka samaki. Huyu ni Bishoo.

*Old Deuteronomy* ni mzee mnene, mwendo wa taratibu, kila mtu anamgusa kwa heshima. Babu.

*Mr. Mistoffelees* ni mweusi mwenye koti linalometameta. Mazingaombwe.

*Macavity* ni mwekundu, haonekani mara nyingi, na kila akionekana kuna jambo limeharibika. Eliot alimchonga kwa kumtazama Profesa Moriarty, yule adui wa Sherlock Holmes. Jambazi.

*Grizabella* ana koti lililochakaa, nywele zimevurugika, anaingia kwa pembeni, na wenzake wanajikunja akipita. Huyu hatukumpa jina. Tulijaribu, halikukaa.

Mapema kabisa kuna wimbo unaoeleza kuwa paka ana majina matatu: la kuitwa nyumbani kila siku, la pili la pekee ambalo paka mwingine hana, na la tatu analolijua mwenyewe tu, ambalo ndilo analolitafakari ukimwona amekaa kimya. Wazungu huwa wanaandika maelezo marefu kuhusu wimbo huo. Hapa kwetu, aliyepita jandoni haulizi. Jina aliloingia nalo silo alilotoka nalo, na mengine hayasemwi mbele ya watoto.

Hatua ya 5: Tazama fungu la kwanza bila kusimamisha

Usisimamishe kueleza. Usirudishe nyuma. Aliyekosa neno amekosa, litakuja jingine.

Badala ya kufuata hadithi, fanya hivi: chagua paka mmoja wa nyuma, asiyeimba, umfuate kwa macho nyimbo mbili nzima. Ndipo utakapoona kazi ya Gillian Lynne, aliyetunga mchezo wote huu wa miili. Wale wa nyuma hawapumziki kuwa paka. Mmoja anajilamba kiwiko. Mwingine anamnusa mwenzake shingoni, anaudhika, anahama. Wakisikia kishindo, shingo zote zinageuka kwa pamoja, na mabega yanafuata baadaye kidogo, kama paka wa kweli. Ukumbi ule wa London ulipoanzia igizo, tangu 2018 unaitwa kwa jina la mama huyu.

Mtazame Victoria, paka mweupe mzima, anapocheza peke yake bila kuimba. Anainua mguu mmoja taratibu mpaka unyooke juu ya kichwa, na anauacha pale. Siku ya kwanza, fundi cherehani wangu aliyekaa mbele alisema kwa sauti, "Mshono wa nguo hiyo umeshonwa na nani?" Ni swali la haki.

Kuna wezi wawili, Mungojerrie na Rumpleteazer, wanaoiba nyama jikoni kwa watu. Mwishoni wanashikana, miguu ya huyu kichwani kwa huyu, wanabingirika kama gurudumu moja. Watoto watajaribu. Ondoa stuli.

Karibu na mwisho wa fungu hili wote wanacheza kwa muda mrefu bila maneno. Kwa anayeanza, hapa ndipo usingizi unapochungulia. Mimi huongeza sauti.

Kisha Grizabella anabaki peke yake, anajaribu kuinua mkono na kuzungusha mwili kama alivyowaona wenzake wakicheza. Mwili haukubali. Anaimba kidogo tu, anaondoka.

Hatua ya 6: Simamisha hapo, mimina kahawa

Dakika kumi na tano. Kumbi za zamani, wakati wa pumziko, Old Deuteronomy alikuwa habanduki jukwaani. Watazamaji walipanda kumsalimia. Sisi tunapitisha kahawa na kashata.

Usiulize "mmeelewa?" Ukiuliza hivyo kila mtu atasema ndiyo na hakuna atakayerudi wiki ijayo. Uliza: "Wewe ungekuwa paka gani?" Hapo ndipo ubishi unapoanza. Dereva wa bajaji wa mtaa wetu alijichagua Bishoo kabla sijamaliza swali, na mke wake akasema hapana, wewe ni yule mnene anayeshinda anakula kwa watu. Anamaanisha Bustopher Jones. Alikuwa amemshika vizuri kuliko mimi nilivyomshika mara ya kwanza.

Hatua ya 7: Fungu la pili, na kanuni ya kunyamaza

Linaanza polepole, na Gus, mwigizaji mkongwe ambaye mikono inamtetemeka na anakumbuka enzi zake. Wazee wakae mbele kwa wimbo huu.

Anafuata Skimbleshanks, paka wa treni ya usiku iendayo Scotland, na paka wanaokota vitu vya jalalani wanaunda garimoshi mbele ya macho yako. Huwa nawaambia vijana kwamba na sisi tuliwahi kuwa na reli, ile ya mradi wa karanga wa Waingereza, kutoka pwani kwenda Nachingwea. Ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Garimoshi la kwanza kuliona wengi wao ni hili la mabati na magurudumu ya takataka.

Macavity anamteka Babu. Mazingaombwe anaitwa kumrudisha. Hapo hesabu kwa sauti, wote pamoja: anazunguka kwa mguu mmoja, mguu wa pili unapiga hewa, mara 24 mfululizo. Kwangu huwa tunafika kumi na nane halafu kila mtu anapotea.

Baada ya hapo, kimya. Namaanisha kimya. Zima simu, wapeleke ndani watoto wanaolia, sukari ya kahawa ikorogwe kabla.

Grizabella anarudi na kuimba Memory yote. Ukihitaji kujua jambo moja la nyuma ya pazia, lijue hili: Eliot hakumweka paka huyu kwenye kitabu, aliona habari zake zinahuzunisha mno kwa watoto. Mjane wake, Valerie, ndiye aliyewapa watunzi kipande hicho kilichobaki kwenye makaratasi. Maneno ya wimbo yakaandikwa na mwongozaji, Trevor Nunn, kwa kuchota kwenye mashairi mengine ya Eliot. Kwa hiyo anayetengwa na paka wote alikuwa pia ametengwa na kitabu chenyewe.

Usieleze maneno ya wimbo kwa mtu. Mama mwenye nyumba wangu wa zamani, aliyekuja siku ya pili akiwa na kanga ya kujifunika mbu, Kiingereza chake ni "gudi moning". Wakati wimbo unapanda, yule sauti anaiachia yote, nikasikia kanga inavutwa. Nikageuka. Alikuwa amejifunika mpaka machoni. Baadaye, kwenye kuagana, akanieleza habari ya mwanamke mmoja wa Mikindani, mzuri kupita wote, alivyoolewa mbali na alivyorudi, na wenzake wa ngoma walivyomwacha asimame pembeni. Hakusema kama ni hadithi ya Grizabella. Alikuwa anaendeleza tu mazungumzo.

Mwishoni Babu na Grizabella wanapanda juu ya tairi kubwa, kubwa kuliko la fuso, nalo linanyanyuka. Anakwenda kwenye kitu kinachoitwa tabaka la Heaviside. Watu wanadhani ni pepo iliyobuniwa. Hapana, ni kitu cha kweli: ni tabaka la juu angani linalorudisha mawimbi ya redio chini, limepewa jina la mwanasayansi Oliver Heaviside. Mwambie mzee yeyote aliyewahi kukaa na redio ya mkulima barazani, usiku ikikamata stesheni za nchi za mbali ambazo mchana hazisikiki. Huko ndiko anakokwenda.

Hatua ya 8: Kesho yake, sikiliza bila kutazama

Ukiwa unafua au unabangua korosho, weka nyimbo peke yake. Utashangaa umeshika ngapi. Hapo ndipo pa kutafuta mashairi na kuyasoma, si kabla.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuanza na Memory peke yake kwenye YouTube. Ni wimbo mzuri hata hivyo, lakini ni sawa na kula mchuzi wa mwisho bila wali. Uzito wake unatokana na saa moja na nusu ya wenzake kumkunjia uso.

Kuwaambia watu "hii ni sinema ya paka." Watakuja na watoto wa miaka mitatu na watatarajia katuni.

Kutafuta toleo lenye maelezo ya Kiswahili juu yake, kama sinema za vibanda umiza. Napenda sana kazi ya wale jamaa, lakini mtu akiongea juu ya wimbo, wimbo umekwisha.

Na kutetea kila kitu. Kuna sehemu zinachosha, na shabiki mkweli anasema. Mimi wimbo wa yule mama paka anayefundisha mende gwaride nauvumilia tu.

Ukikwama

*Midomo inatangulia, sauti inafuata.* Ni Bluetooth hiyo, inachelewesha. Chomeka waya. Huna waya, programu nyingi za kuchezea video zina sehemu ya kusogeza sauti mbele au nyuma kidogo kidogo. Sogeza mpaka kofi na mlio wake vikutane.

*Umeme umekatika.* Ukikatika fungu la kwanza, subirini, pigeni soga. Ukikatika katikati ya Memory, usirudishe pale ulipokatikia. Rudi nyuma mpaka Grizabella anapoingia, hata kama kuna watakaonung'unika. Mimi nilirudishia katikati mara moja, na haikuwasha mtu.

*Dakika ya thelathini watu wanapiga miayo.* Ruka mpaka Mungojerrie na Rumpleteazer. Ni dhambi, lakini ndogo.

*Mzee amekasirika kwa nguo za kubana.* Hili lipo, usijifanye halipo. Waambie watu mapema jinsi wachezaji walivyovaa, ili asiyependa abaki na heshima yake nyumbani. Aliyekuja akachukia, mpishe aondoke bila ubishi, na kesho yake mpelekee salamu.

*Sikushika Kiingereza hata kidogo.* Basi uko kwenye hali nzuri kuliko unavyodhani. Tazama tena ukifuata mwili mmoja tu, wa Grizabella, na umbali kati yake na paka aliye karibu naye. Kila anapoingia umbali huo unasema kila kitu. Atakayeupunguza kwa mara ya kwanza ni yule mweupe.

*Watoto wamejipaka masizi ya sufuria wawe paka.* Watafanya hivyo, kesho yake asubuhi, na watakuwa wamechora hadi masharubu. Paka mafuta ya nazi kwanza, acha kidogo, futa kwa kitambaa kikavu, ndipo maji na sabuni. Ukianza na sabuni yanasambaa mpaka masikioni, na unampeleka mtoto shule akiwa Macavity.